Panga ni la Kufyekea

Kuna swali ambalo vijana wenye bando na muda wa kupoteza hupenda kuulizana. Kiama cha mazombi kimefika. Wafu wameamka, wanatembea barabarani wakila watu, na kila anayeng'atwa anageuka kuwa mmoja wao. Umebakiwa na nusu saa, na duka moja tu la vifaa vya ujenzi liko wazi. Utachukua nini? Bunduki haimo, kwa sababu hadiwea haiuzi bunduki. Unga haumo pia. Kuna misumari, nondo, mabati, kamba, shoka, rangi, na akili yako.

Muhula uliopita swali hilo liliingia kwenye darasa letu la uzamili wa falsafa. Lilitakiwa kuchangamsha mjadala juu ya nani anahesabiwa kuwa mtu na kwa kigezo gani. Tulikuwa kumi na mmoja. Kumi walianza na panga. Baada ya hapo kila mmoja alifuata njia yake: mwenzetu wa Moshi alitaka waya wa seng'enge wa kuzungushia uwanja, wa Tanga alikuwa na mpango mrefu wa kuziba madirisha kwa mbao za mbili kwa nne, mwingine alitaka jenereta na akashindwa kueleza mafuta atayapata wapi. Lakini panga lilikuwa la kwanza kwa wote kumi, na lilitajwa haraka, kama mtu anavyosema "maji" akiulizwa atakunywa nini.

Zamu yangu ilipofika niliomba nipewe muda. Walicheka. Hili ndilo jibu langu, na ni refu kuliko subira ya darasa.

Mimi ni mtoto wa Nyahanga, mjini Kahama, na duka linalotajwa kwenye swali kwangu si la kufikirika. Mjomba wangu analo. Likizo zangu nyingi za sekondari nilizimalizia humo, nikipima misumari kwa kilo na kukata kamba kwa mita. Najua harufu ya saruji ikichanganyika na ile ya rangi ya mafuta, na najua rafu ya chini kulia yalipo mapanga, yamefungwa kumi kumi kwa karatasi iliyopakwa grisi ili yasishike kutu. Najua pia wateja. Kuna mafundi, ambao hukopa. Kuna wakulima wa mpunga, ambao huja mvua za kwanza zikinyesha na kutaka jembe, mpini na tupa. Na kuna wachimbaji wadogo wa Mwime, Kakola na Nyangalata, ambao hununua moko, nyundo, kamba, gambuti, mifuko ya salfeti na tochi za kufunga kichwani. Mchimbaji akiwa na hela hapunguziwi bei wala haombi. Akiwa hana, haingii kabisa.

Mteja wa saruji huulizwa anajenga wapi. Mteja wa nondo huulizwa msingi una vyumba vingapi, apewe milimita ngapi. Mteja wa panga analipa elfu nane, anafungiwa gazeti kwenye makali, anaondoka. Siku moja nilimwuliza mjomba kwa nini kwenye panga hakuna maswali. Alikuwa anahesabu bawaba, hakuinua macho. "Mjomba," aliniambia, "panga ni la kufyekea. Likifanya kingine, hicho kingine hakikuanzia kwangu."

Nimeibeba sentensi hiyo hadi chuo kikuu. Kila tukisoma kuhusu wajibu, kuhusu nani anayebeba lawama na inaishia wapi, naisikia kwa sauti yake.

Kabla ya kuja kwetu, kuna jambo dogo la Marekani. Mwezi Mei 2011, taasisi ya serikali ya huko inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, CDC, ilitoa mwongozo kwa wananchi wa namna ya kujiandaa kwa kiama cha mazombi. Ilikuwa mbinu ya kuwafanya watu wasome kuhusu vimbunga na milipuko ya magonjwa, mambo yanayochosha ukiyataja kwa majina yake. Ukiisoma orodha yao utakuta maji, chakula, dawa, redio ya betri, kisu cha kazi, tepu, sabuni, nguo, nakala za vyeti, vifaa vya huduma ya kwanza. Hakuna silaha. Watu ambao kazi yao ni kufikiria vifo vya halaiki walipopewa mchezo uleule tuliopewa sisi, waliwaza ndoo. Nasi tulipofikiwa na vifo vya kweli tuliwaza ndoo. Mwaka 2020 mbele ya kila duka la Kahama kulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni, na Marburg ilipotangazwa Biharamulo, Januari 2025, ushauri wa kwanza ulikuwa nawa mikono. Panga ni jibu la swali jingine. Sisi darasani hatukuulizwa tutaishije. Masikioni mwetu tulisikia: umepewa ruhusa ya kumkata mtu, utamkata na nini?

Hilo ndilo zombi analotoa. Ni mwili wenye sura ya jirani yako ambao unaruhusiwa kuukata bila hatia, kwa sababu aliyekuwa ndani yake ameshatoka. Wanafalsafa wana zombi wao pia, mpole zaidi: David Chalmers, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu fahamu, anatutaka tufikirie kiumbe kinachofanana nasi kwa kila kitu, kinachosema "naumia" kikichomwa, lakini ndani hakuna anayeumia. Miaka zaidi ya 350 kabla yake, mwaka 1641, Descartes alitazama dirishani akaona kofia na makoti yakipita barabarani, akajiuliza anajuaje kwamba chini ya makoti hayo hakuna mashine. Akajijibu kwamba macho yanaona kofia na koti, ni akili inayoamua kuwa huyu ni mtu. Kwenye semina tulilipita jambo hilo kwa dakika kumi. Nilitamani tukae nalo siku nzima, maana nimekulia mahali ambapo watu hutazama dirishani, wanamwona mtu, na akili inaamua kinyume.

Zombi hakuanza kama mlaji. Alitoka Haiti, kwenye mashamba ya miwa ya watumwa, na huko hofu kubwa haikuwa kuliwa naye. Hofu ilikuwa kugeuzwa yeye: kufa na bado kutopumzika, kufufuliwa na kupelekwa shambani ufanye kazi bila akili wala jina. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa mlango pekee ambao bwana hakuwa na ufunguo wake, na zombi ni yule ambaye hata mlango huo umefungwa kwake. Sheria ya jinai ya Haiti ya karne ya 19 ilikuwa na kifungu, cha 246, kinachohusu kumlisha mtu kitu kinachomlegeza hadi aonekane amekufa; akizikwa, kosa lilihesabiwa kuwa mauaji. Mbele ya sheria hiyo, zombi ni mlalamikaji.

Halafu mwaka 1968 George Romero akatoa filamu ya Night of the Living Dead, na wafu wakawa kundi linalobisha milango. Wengi wanaokumbuka filamu hiyo hukumbuka kubisha huko. Mimi nakumbuka mwisho. Mwanamume mweusi, ambaye ndiye aliyepambana usiku kucha kwa nyundo, misumari na mbao akiziba madirisha, anasikia watu asubuhi. Wanaume wenye bunduki wamekuja kusafisha eneo. Anasogea dirishani. Wanamwona kwa mbali, wanaamua kwamba naye ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi ya kichwa, kisha wanaukokota mwili kwa kulabu hadi kwenye moto. Alinusurika na wafu. Kilichomuua ni walio hai kukosea kuhesabu.

Kwetu tuna neno lake, na kila msomaji wa Kanda ya Ziwa alikuwa ameshalitamka kabla sijafika hapa: msukule. Anadhaniwa amekufa, amezikwa, watu wamelia na kula ubwabwa wa msiba, kumbe amechukuliwa. Amekatwa ulimi asiseme, anafichwa mchana, usiku analimishwa shamba la aliyemchukua, analishwa pumba. Sina haja ya kubishana hapa kama wapo. Ninachotaka ni kutazama hadithi inamweka nani upande gani. Msukule haji kukula. Ni ndugu yako. Ameibiwa. Ukimwona usiku kwenye kona ya shamba, la kwanza linalokujia ni jina lake.

Nilimpelekea bibi swali la darasani, nikilitafsiri kadiri nilivyoweza. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza, "Bibi, misukule wakifunguliwa wote siku moja, wakaja mlangoni, utafanyaje?"

"Nitawauliza ni watoto wa nani."

"Hutachukua panga?"

"Wamenikosea nini? Mtu kalimishwa usiku kucha, ana njaa." Alifikiri kidogo. "Uji ninao. Labda vikombe ndiyo vichache."

Nilicheka, yeye hakucheka. Kisha akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida tu, mwendelezo wa uji. "Shida si hao, mjukuu wangu. Shida ni aliyewachukua."

Natamani ningeweza kuishia kwenye uji. Ningerudi darasani na hoja nzuri: kwamba hadithi ya wageni inatufundisha kumkata mfu, na hadithi ya kwetu inatufundisha kumkaribisha. Makala ya namna hiyo zipo, na wasomaji huzipenda. Lakini bibi alimaliza sentensi yake, na sentensi hiyo ina mwili. Ikiwa kuna aliyechukuliwa, yupo aliyechukua. Panga ambalo halikumgusa msukule linavuka ua na kwenda kumtafuta mwenye shamba. Na huyo mwenye shamba, kwa muda mrefu sana katika Usukuma na Unyamwezi, amekuwa mwanamke mzee, mara nyingi mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa takwimu za serikali ambazo msomi Simon Mesaki amezichambua kwa kina, watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa kudaiwa kuwa wachawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea Usukumani. Hayakuishia 1984. Lugha yetu ina jina la kazi hiyo, wakata mapanga, na jina hilo linatamkwa kama mtu anavyosema wapaka rangi au wachoma mkaa: watu wa kukodiwa, wenye bei. Sheria ya uchawi tuliyorithi ya mwaka 1928 inamtambua mchawi. Haisemi lolote la maana juu ya macho mekundu.

Na macho mekundu yana historia inayoeleweka kabisa. Enzi za ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumwangamiza mbung'o na ng'ombe wapate malisho. Ikafuata pamba, ikafuata mifugo kuongezeka, na kufikia miaka ya 1980 sehemu za mkoa zilikuwa zinaitwa jangwa. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulikuta watu wanatembea mbali kutafuta kuni. Asiyeweza kutembea mbali alipikia alichokipata: mabua ya pamba, kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nani hawezi kutembea mbali? Mzee. Nani hana mjukuu wa kumtuma? Aliye peke yake. Unapikia kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka ishirini, macho yako yatakuwa mekundu. Kisha anakuja kijana aliyefiwa na mtoto, mganga ameshampigia ramli na kumwambia tazama macho.

Panga ni la kufyekea, alisema mjomba. Ni kweli. Lilifyeka miti, miti ikaondoka na kuni, kuni zikaacha moshi, moshi ukamtengeneza mchawi, na panga likarudi kumalizia. Sitaki kumwangushia mjomba historia nzima ya Shinyanga. Anauza bawaba. Ila siwezi tena kusikia "hakikuanzia kwangu" bila kujiuliza kilianzia wapi basi, na kila ninapofuata uzi huo nakuta kazi halali: kufyeka, kulima, kufuga, kupika.

Yapo mauaji mengine, na kwa swali letu la mazombi ndiyo yanayokaribia zaidi. Watu wenye ualbino waliitwa kwa majina ya mizimu. Kulikuwa na imani, nimeisikia mwenyewe utotoni ikisemwa kama habari ya hali ya hewa, kwamba hawafi, hutoweka. Iangalie imani hiyo vizuri. Mtu asiyekufa ni mtu asiyeweza kuuawa, na asiyeweza kuuawa unaweza kumfanya lolote. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kanda hii ilikuwa kitovu cha biashara ya viungo vyao, na waliotajwa kuwa wateja walikuwa pamoja na wachimbaji waliotaka bahati ya dhahabu na wavuvi waliotaka ya samaki. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi hapa Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Watoto wengine walipelekwa kwenye kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakafungiwa geti ili wasikatwe. Nilipokuwa darasani nikisikia mipango ya seng'enge na madirisha ya kuziba, hao ndio walionijia akilini. Walishajengewa ngome. Na waliokuwa wanakuja walikuwa hai, wana njaa ya kitu, na kwa maelezo yao wenyewe wanaowindwa hawakuwa watu kamili.

Mwenzetu wa Moshi alinipinga kwa haki. Alisema unachanganya mambo. Kwenye mchezo, zombi kwa tafsiri yake si mtu. Hilo limekwisha kuamuliwa na kanuni. Mchawi wa Kahama ni mtu anayesingiziwa. Huwezi kukataa fumbo la hesabu kwa sababu kuna wafanyabiashara wanaodanganya kwenye mizani.

Hoja ina nguvu, nami sina ya kuifuta. Nina ya kuiwekea ubavuni. Hakuna aliyewahi kubeba panga kwenda kwa mtu akijua anamsingizia. Au kama wapo, ni wachache, wenye tamaa ya shamba la mjane. Wengine wote walipewa tafsiri kwanza. Mganga wa ramli chonganishi hauzi panga, anauza ile kanuni ya mchezo: huyu si mtu. Ndiyo maana serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli, Januari 2015, iligusa sehemu ya kweli ya tatizo, ingawa ilidhani tafsiri inaweza kukamatwa na polisi. Kanuni ya mchezo ikishakubaliwa, kinachobaki ni kuchagua kifaa, na hapo sote kumi na mmoja tuna ujuzi.

Kuna pingamizi jingine, hili nimejitolea mwenyewe. Hatari za kweli zipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, silaha zilikuwa zimezagaa na wezi wa ng'ombe walikuwa wanaingia vijijini na bunduki. Kwenye mpaka wa Kahama na Nzega watu wakajiunda: pinde, mishale, na filimbi. Ndiyo Sungusungu, ambayo baadaye ilienea nchi nzima na mwaka 1989 ikapewa nafasi kisheria. Filimbi ikilia, au mwano ukipigwa, kila mwanamume anatoka. Asiyetoka anajibu. Babu zetu hawakushinda wezi kwa kujifungia ndani na mbao za mbili kwa nne. Walishinda kwa kupiga kelele na kujua kwamba jirani atakuja. Nalipenda jambo hilo kuliko chochote kilichotoka kwenye ardhi yetu. Na Sungusungu hao hao, kwenye mikutano ile ile, waliwashughulikia wanawake waliotajwa kuwa wachawi, wakawatenga na kuwafukuza. Filimbi ile ile. Kwa hiyo simwambii mtu kuna kifaa kisafi.

Ila kuna Nyangalata.

Tarehe 5 Oktoba 2015, kwenye machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, duara liliporomoka. Baadhi ya waliokuwa chini walitolewa. Sita walibaki. Siku zikapita, zikawa wiki. Nchi ilikuwa kwenye uchaguzi mkuu, Rais mpya akaapishwa, na huko chini walikuwa wafu kwa hesabu ya kila mtu mwenye akili. Mtu hukaa siku ngapi bila chakula? Hesabu ilikuwa sahihi. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai. Wenzao wachimbaji walisikia sauti chini. Walikuwa wamekula mizizi, magome, mende na vyura, wakinywa maji machafu yaliyokuwa yanadondoka kutoka juu. Wa sita alifia humo.

Nilikuwa sekondari. Nakumbuka picha za wanaume waliokonda hadi macho yakawa makubwa kuliko uso, wanapelekwa hospitali ya Kahama, na mtaani kwetu watu wakisema wazi kwamba hao si wazima, hao wametoka upande wa pili. Mama mmoja dukani kwa mjomba alisema asingefungua mlango. Na ukweli ni kwamba ukiyapanga mambo kama filamu inavyopanga, yote yamo: wafu, ardhi inafunguka, wanatoka wenye udongo mwilini, wamekula visivyolika. Sauti kutoka chini ya ardhi siku ya 41, gizani. Wale wachimbaji walioisikia walikuwa na kila sababu ya kukimbia. Wengine wetu tungekimbia, nadhani, na kwenda kutafuta mtu wa kutufafanulia ile sauti ni ya nini.

Wao walichimba. Kwa vifaa gani? Vile vile vya rafu ya mjomba. Sururu, koleo, kamba, tochi ya kichwani. Sijui kama kuna moja kati ya hizo iliyotoka dukani kwetu na sijawahi kumwuliza mjomba, kwa sababu ingekuwa ndiyo, itabidi nimwulize pia kuhusu mapanga, na yeye ana jibu lake. Januari 2017 ilitokea tena mkoani Geita, watu 15 wakafukiwa mgodini, na kwa kuwa safari hii hakuna aliyewahi kuwahesabu kuwa wafu, walitolewa wote kumi na watano baada ya siku tatu hivi.

Basi hii ndiyo orodha yangu, kwa nusu saa na duka moja. Ndoo mbili zenye koki. Tochi ya kichwani na betri za kutosha, kwa sababu ubaya mwingi nilioutaja ulifanyika gizani na wema mmoja nao. Koleo mbili, ya pili ya atakayekuja kusaidia. Bati moja geji 28 na mkasi wa kulikatia, nimtengenezee bibi bomba la moshi, kazi ya nusu siku ambayo ingefanywa kila nyumba miaka hamsini iliyopita pengine nisingekuwa na takwimu ya kuandika hapo juu. Komeo la ndani. Ndiyo, nitafunga mlango, mimi si mtakatifu, na nampenda bibi akiwa mzima. Lakini komeo lina sifa ambayo panga halina: linakupa muda wa kuuliza aliye nje ni mtoto wa nani, na kusubiri jibu, hata kama aliye nje amekatwa ulimi na jibu litachukua muda. Filimbi mjomba haiuzi; nitapitia duka la vifaa vya michezo nikibahatika. Na kamba ya manila, mita thelathini.

Panga nimeliacha kwenye rafu. Mwenzetu wa Moshi anasema nitakufa wa kwanza. Inawezekana, na simwombi mtu mwingine afuate orodha hii akiwa na watoto ndani. Nasema tu kwamba najijua: nikiwa na panga mkononi, usiku, na mlango unabishwa, nitataka sana ionekane kwamba anayebisha si mtu.

Nilimpigia mjomba simu nimsomee, anipe bei za siku hizi. Alikuwa na mteja, akaniambia nisome polepole. Ndoo akasema zimepanda. Bati akaniuliza la msauzi au la kawaida. Hakuuliza kwa nini panga halimo, ingawa alinyamaza kidogo mwishoni kama mtu anayesubiri kitu kingine. Kilichomkera ni kamba.

"Mita thelathini?" alisema. "Hiyo ya kuanikia nguo. Duara gani siku hizi la mita thelathini? Nikuandikie mia, mjomba?"

Nilimwambia aandike.